Nguo Uliyonayo Bado Ina Kazi

Sifa njema zote anastahiki Allah (s.w.t.), aliyetusitiri tukiwa hai na akatuwekea sitara hata baada ya kufa. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba zake wote.

Ndugu zangu, somo la toleo hili linaingia moja kwa moja ndani ya sanduku lako la nguo. Sizungumzii nguo unazotamani kununua. Nazungumzia zilizomo sandukuni sasa hivi, pamoja na ile uliyoisukuma chini kabisa kwa sababu imechanika.

Sote tunajua maisha ya mwanafunzi hapa Bujumbura. Fedha ndogo tuliyonayo inagombewa na nauli, fotokopi, sabuni na chakula, na nguo inakuja mwishoni. Hapo ndipo watu wanapogawanyika. Mmoja anakopa ili apendeze siku ya Idd, kisha anamkimbia mdai wake mpaka Idd nyingine. Mwingine anajificha chumbani kwa sababu hana cha kuvaa, na kidogo kidogo anapotea msikitini na kwenye darsa. Wa kwanza amepoteza utulivu wake, wa pili amepoteza jamaa zake. Tuangalie Sunna inasema nini kwa wote wawili.

1. Nguo katika Qur'ani

Katika Suratul A'raf, aya ya 26, Allah anawakumbusha wanadamu kwamba amewateremshia vazi la kusitiri tupu zao na vazi la pambo, kisha anawaambia kwamba vazi la uchamungu ndilo bora zaidi. Tazama mpangilio: sitara imetangulia, pambo halikukatazwa, na uchamungu umewekwa juu ya vyote viwili.

Rudi nyuma kidogo, aya ya 22. Tupu za Adam na Hawa zilipodhihiri, walianza kujifunika kwa majani ya Peponi. Kitenzi kilichotumika pale ni yakhsifaani, kutokana na khasafa: kuweka kipande juu ya kipande na kuviunganisha, kama fundi viatu anavyoishonea ndala soli nyingine. Kikumbuke kitenzi hiki, maana tutakutana nacho tena nyumbani kwa Mtume (s.a.w.). Wazazi wetu wawili walichukua kilichokuwa karibu na mikono yao wakajisitiri nacho.

Kisha katika aya ya 31 tunaamrishwa kuchukua pambo letu katika kila mahali pa swala, na tunakatazwa israfu. Amri mbili katika aya moja. Anayekwenda kuswali mchafu ilhali ana maji na sabuni ameiacha ya kwanza. Anayenunua mpaka akakosa chakula ameiacha ya pili.

2. Hadithi ya kiraka, na namna ya kuisoma

Wengi wetu tumeisikia hadithi inayosema kwamba Mtume (s.a.w.) alimuusia Bibi Aisha (r.a.) asiihesabu nguo kuwa imechakaa mpaka aitie kiraka. Hadithi hiyo ameipokea Imam Tirmidhi katika Kitabu cha Mavazi. Lakini sisi tunaosoma elimu ya hadithi tunatakiwa tuendelee kusoma mstari unaofuata. Tirmidhi mwenyewe anasema ni hadithi ghariib, haijulikani ila kwa njia ya Salih bin Hassan, na anapokea kutoka kwa Imam Bukhari kwamba Salih huyo ni munkar katika hadithi. Kwa hiyo usipande nayo mimbarini ukasema kwa yakini kwamba Mtume (s.a.w.) amesema.

Je, kiraka kimekosa dalili? Hapana. Zipo nyingine zenye nguvu zaidi.

Ya kwanza: Bibi Aisha (r.a.) aliulizwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya nini nyumbani kwake. Akajibu kwamba alikuwa akishona nguo yake na kutengeneza viatu vyake, kama wanaume wengine wanavyofanya kazi majumbani mwao. Ameipokea Imam Ahmad, na Ibn Hibban akaiingiza katika Sahihi yake. Kitenzi cha kutengeneza viatu katika hadithi hii ni kilekile, yakhsifu. Aliyekuwa akipokea wahyi alikuwa akishika sindano kwa mkono wake mwenyewe.

Ya pili: Anas bin Malik (r.a.) anasimulia katika Muwatta ya Imam Malik kwamba alimwona Umar bin Khattab (r.a.), wakati huo akiwa amiri, nguo yake ina viraka vitatu kati ya mabega, kimoja juu ya kingine. Umar hakukosa mtu wa kumnunulia nguo. Hazina ya Waislamu ilikuwa mikononi mwake.

Ya tatu ni ya Bibi Asma bint Abi Bakr (r.a.). Siku ya Hijra, Mtume (s.a.w.) na Abubakar (r.a.) walipokuwa wanatayarishiwa safari, hakukuwa na kamba ya kufungia chakula na kiriba cha maji. Asma akaupasua mshipi wake wa kiunoni vipande viwili. Kwa kitambaa hicho akapata jina linalotajwa mpaka leo: Dhaatun Nitaaqayn, mwenye mishipi miwili. Ipo katika Sahihi Bukhari.

Basi nasi tuseme hivi: kutengeneza nguo kumethibiti kwa matendo, hata kama ile kauli mashuhuri ni dhaifu. Na hii ndiyo faida ya elimu, kwamba huna haja ya kuegemea fimbo iliyooza wakati fimbo nzima iko pembeni yako.

3. Kiraka ni kitu kimoja, uchafu ni kitu kingine

Hapa panahitaji tahadhari, maana kuna ndugu anayedhani kwamba zuhdi ni kunuka. Jabir (r.a.) anasimulia kwamba Mtume (s.a.w.) alimwona mtu nywele zimetimka, akauliza kama hakupata cha kuzituliza, akamwona mwingine nguo zake chafu, akauliza kama hakupata cha kuzifulia. Ameipokea Abu Daud. Hakuuliza kwa nini nguo si mpya. Aliuliza habari ya kufua.

Vilevile alikuja kwake swahaba mwenye mavazi duni. Mtume (s.a.w.) akamuuliza kama ana mali, naye akasema anayo ya kila aina: ngamia, kondoo, farasi. Akaambiwa basi athari ya neema ya Allah ionekane juu yake. Hii nayo ameipokea Abu Daud. Mwenye uwezo asijivike umasikini ili watu wamsifu kwa uchamungu. Hata kiraka kinaweza kuwa vazi la kujionesha, kama vile suti ya gharama.

Mizani yetu iwe hii: nguo inasitiri? Ni safi? Inanipeleka kwenye wajibu wangu bila deni na bila kiburi? Ikijibu ndiyo mara tatu, haidaiwi kitu kingine.

4. Kabla hujakwenda sokoni

Sasa tuje kwenye mikono. Mafundi cherehani wamekaa kwenye baraza za Buyenzi tangu zamani, na mwenye kusimama kwao nusu saa anajifunza mengi. Haya ni niliyoyaona kwao na ninayoyafanya mwenyewe.

Kagua nguo zako mara moja kwa mwezi. Angalia kwapa, kola, viwiko, magoti, pindo na vifungo. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na hakuna mahali methali hii inapoonekana wazi kama kwenye mshono. Leo ni nyuzi tatu za kukatika, unashona kwa dakika tano. Ukifua mara mbili bila kushona, ubavu wote umefunguka.

Kola ya shati huchakaa pale inapokunjwa, upande wa chini yake ukiwa mzima kabisa. Fundi anaifumua, anaigeuza, anairudishia. Shati lililokuwa linakwenda kuwa tambara linarudi darasani.

Kanzu iliyoraruka chini, kata sehemu iliyoharibika upinde upya. Itapanda juu ya kifundo cha mguu, na hapo umepata faida mbili kwa mkato mmoja.

Baibui lililopauka viwiko, tia kiraka kwa ndani, kitambaa cha rangi ileile. Na ili lisipauke tena, lifue kwa nje-ndani na ulianike kivulini. Jua letu hapa ziwani halina huruma na nguo nyeusi.

Gauni la kitenge linalobana halijafa. Fumua mishono ya ubavuni, ongeza kipande kirefu kutoka kwapani hadi chini. Kipande kikiwa cha kitenge kingine, chagua rangi zinazopatana, na watu watadhani ni mtindo.

Kanga nayo mama zetu walishatufundisha safari yake. Ikiwa mpya ni ya kutokea, kisha inakuwa ya nyumbani, kisha ya kumbebea mtoto, kisha nepi, na mwisho dekio. Upande mzima unaweza kuwa mtandio wa swala, au mfuko wa kuhifadhia msahafu. Ila soma kwanza jina la kanga. Likiwa na jina la Mwenyezi Mungu, adabu hairuhusu lifutiwe sakafu.

Nguo iliyokatazwa kwako pia inaweza kuwa halali kwa mwingine. Ali (r.a.) alipewa nguo ya hariri, akaivaa, akaona ghadhabu katika uso wa Mtume (s.a.w.). Akaikata, akaigawa kwa wanawake wa jamaa zake. Katika riwaya ya Muslim imetajwa kuwa zilikatwa shungi. Kaka uliyepata shati la hariri ya asili kwenye mitumba, soma kibandiko chake, kisha mfikirie dada yako.

Na tuseme kidogo kuhusu mitumba, kwa sababu wengi wetu tumevikwa nayo. Baada ya soko kuu la Bujumbura kuungua tarehe 27 Januari 2013, wauza nguo wengi walihamia masoko ya mitaani, na leo Ruvumera iko hatua chache kutoka msikitini. Swali linaloulizwa ni kama nguo iliyovaliwa na asiyejulikana inafaa kwa swala. Kanuni ya fiqhi ni kwamba yakini haiondolewi na shaka, na asili ya vitu ni tohara. Mtume (s.a.w.) alivaa juba la Sham, nchi ambayo wakati huo ilikuwa mikononi mwa Warumi, mikono yake ilikuwa myembamba mpaka akalazimika kutoa mikono yake kwa chini alipotaka kutawadha. Mughira (r.a.) ndiye aliyesimulia, katika Bukhari na Muslim. Kwa hiyo usipoona najisi, nguo ni tohara. Kuifua ni usafi na ni vizuri, usikugeuze kuwa wasiwasi.

Nguo kuukuu ya kuswalia ina mitihani mitatu. Kwanza, inyanyue kwenye mwanga: ikiwa rangi ya ngozi itaonekana kwa nyuma, haitoshi peke yake, vaa nyingine chini yake. Pili, tafuta matundu mahali pa tupu. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu tumesomea, tupu ya mwanamume ni baina ya kitovu na magoti, na ya mwanamke katika swala ni mwili wote isipokuwa uso na viganja. Tundu dogo la sweta begani mwa kaka halina neno. Tundu hilohilo kwenye mtandio wa dada lina neno. Tatu, tohara. Mitihani hii mitatu haina swali la bei wala la mwaka iliponunuliwa.

5. Nguo inayozunguka

Idd moja dada wa mwaka wa kwanza hakuonekana uwanjani. Jioni tulimpelekea sahani ya pilau, akasema alikuwa anaumwa kichwa. Ilichukua wiki kadhaa mpaka akatuambia ukweli: baibui lake pekee lilikuwa limepasuka ubavuni usiku wa kuamkia Idd, na aliona haya kuomba. Katika chumba kilichopakana na chake, ukuta mmoja tu katikati, kulikuwa na mabaibui manne yaliyotundikwa.

Hali hii haikuanza kwetu. Ummu Atiyya (r.a.) anasimulia kwamba wanawake waliamrishwa kutoka kwenda kwenye swala ya Idd, hata wenye hedhi, washuhudie kheri na dua ya Waislamu. Akaulizwa Mtume (s.a.w.): je, yule asiye na jilbabu? Akajibu kwamba ndugu yake amvishe katika jilbabu lake. Wameipokea Bukhari na Muslim.

Zingatia jibu hilo. Hakumwambia abaki nyumbani kwa kuwa ana udhuru. Hakumwambia akanunue. Aliigeuza amri kwa aliye nacho. Kukosa nguo kwa mmoja kumekuwa jukumu la jirani yake.

Nyumba ya Mtume (s.a.w.) yenyewe ilitoa mfano. Bibi Aisha (r.a.) siku moja alikuwa amevaa kanzu nzito ya bei ya dirham tano, ambayo kijakazi wake aliona aibu kuivaa hata ndani ya nyumba. Akasimulia kwamba zama za Mtume (s.a.w.) alikuwa na kanzu kama hiyo, na hakuna mwanamke aliyepambwa kwa harusi Madina ila alituma watu waje kuiazima. Ameipokea Bukhari. Kanzu moja, maharusi wengi. Kwetu leo kila bibi harusi anataka lake, na baada ya siku moja linakaa kwenye sanduku mpaka nondo wanalila.

Utaniambia Waswahili wamesema nguo ya kuazima haisitiri matako. Ni kweli, na methali hii inamfundisha mwenye kuazima asijenge maisha yake juu ya mali ya watu. Lakini hadithi ya Ummu Atiyya inazungumza na mwenye nguo. Kila mmoja achukue fundisho lake: mhitaji asitegemee, mwenye nacho asingoje kuombwa.

Na mzunguko huu hauhitaji utajiri. Wengi wetu tumetoka mikoani. Sweta zito ulilolipata kwenye mitumba halina kazi katika joto la Bujumbura, lakini ndugu yako anayerudi likizo Mwaro au Muramvya anajua baridi ya asubuhi kule milimani. Viatu vilivyokubana vinamtosha mtu. Kanzu uliyoikulia inamngoja kijana wa madrasa.

Mwenye kutoa achunge adabu tatu. Afue na kushona kabla ya kutoa, kwa sababu katika Suratul Baqara, aya ya 267, tumekatazwa kukusudia kutoa kile kibaya ambacho sisi wenyewe tusingekipokea ila kwa kufumba macho. Atoe kwa siri. Na akimwona ndugu yake amekivaa, asikitambue mbele za watu, hata kwa tabasamu.

6. Kazi ya kufanya na maswali ya duara

Napendekeza kila duara lifanye mambo haya kabla ya Ramadhani:

Kwanza, kuwe na kikopo kimoja chenye sindano, nyuzi nyeusi, nyeupe na kahawia, vifungo vya mashati yaliyokufa, na mkasi. Kikae mahali ambapo mtu anaweza kukitumia bila kuomba ruhusa.

Pili, anayejua kushona amfundishe mmoja asiyejua, kaka kwa kaka, dada kwa dada. Kaka asiseme sindano ni ya wanawake. Tumeshaona ilishikwa na nani.

Tatu, kila upande uteue mtu mmoja mwenye kutunza siri. Mwenye nguo ya ziada ampelekee, mwenye haja amwambie, na wengine wote wasijue nani ametoa na nani amepokea.

Maswali ya kujadili:

1. Ikiwa hadithi ya kiraka kwa Tirmidhi ni dhaifu, ni dalili zipi nyingine ungezitumia kufundisha maana yake?
2. Ni ipi tofauti kati ya mwenye zuhdi na bakhili, ikiwa wote wawili wamevaa nguo kuukuu?
3. Mtu anaweza kukopa ili anunue nguo za Idd? Angalia hukumu, kisha angalia hekima.
4. Katika jibu alilopewa Ummu Atiyya, amri imeelekezwa kwa nani, na ina maana gani kwa chumba chako?

Allah atujaalie tuvae kilicho halali, tukitunze, tusitirike nacho na tuwasitiri wengine, na atuvishe vazi la uchamungu ambalo halichakai.

Wabillahi tawfiiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.